Usiache Chapati Kabla ya Kipimo

Mtu wa Mafia aliyeko ughaibuni akianza kuharisha mara kwa mara, tumbo kujaa gesi na damu kupungua bila sababu inayoeleweka, siku hizi hachelewi kuambiwa aache ngano. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, ila unaruka hatua. Ikiwa kinachoshukiwa ni siliaki, kuacha ngano kabla ya kupimwa ndiko kunakoweza kuuficha ugonjwa.

Siliaki si mzio wa kawaida. Ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe: gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, ikifika katika utumbo mwembamba, kinga hushambulia ukuta wa utumbo na kuvibapaza vinyuzi vinavyofyonza chakula. Ndiyo maana mtu hula akashiba na bado akakonda, au akameza vidonge vya kuongeza damu na damu isipande. Kipimo cha kwanza, cha damu, hutafuta kingamwili za vita hivyo. Baadaye mgonjwa humezeshwa mpira wenye kamera na kukatwa vinyama vya utumbo vikachunguzwe. Vipimo vyote viwili hutazama madhara ya gluteni. Ukishaiacha, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Mwongozo wa Uingereza unataka anayepimwa awe amekula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6.

Hapo ndipo likizo ya nyumbani inapoleta utata. Ukikaa Kilindoni au Jibondo miezi miwili kwa wali wa nazi, samaki, pweza na muhogo, na chai ya asubuhi ukainywa kwa vitumbua vya mchele, unaweza kumaliza likizo karibu bila gluteni na usijue. Tumbo likitulia, sifa zote hupewa hewa ya bahari. Ukirudi ukapimwa wiki hiyohiyo, majibu yanaweza kukupotosha, kwa hiyo mweleze daktari ulichokuwa ukila. Aliyeshinda na chapati, maandazi na kaimati hana shaka hiyo. (Bokoboko nalo ni ngano, ingawa ni rahisi kulisahau.)

Mtu atauliza: nimeacha ngano na nimepata nafuu, kipimo cha nini tena? Nafuu peke yake si ushahidi. Ngano ina pia fruktani, aina ya sukari inayowajaza gesi hata watu wasio na siliaki. Tofauti ni kubwa, kwani mwenye siliaki hujizuia maisha yake yote, hadi chipsi zilizopitishwa kwenye mafuta ya sambusa, na wazazi, ndugu na watoto wake wa damu nao wafaa kupimwa, maana takriban mmoja kati ya 10 huwa nao. Mzigo wa namna hiyo haubebwi kwa kubahatisha. Wengine husema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwakuta nao zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa Sahara Magharibi, kiwango kinachozidi mara kadhaa kile cha Ulaya.

Hoja nzito zaidi ni ya aliyeko Mafia kwenyewe, ambaye kipimo kwake huweza kumaanisha kuvuka hadi Nyamisati na kushika barabara ya Dar es Salaam. Ni kweli, na kumlaumu kwa kuchelewa si haki. Lakini mahali ambapo mchele, muhogo na mtama vipo sokoni, mlo usio na gluteni hauhitaji mikate ya bei mbaya ya madukani Ulaya. Utaanza vizuri tu baada ya majibu. Mtoto aliyeacha kukua, au mtu mzima anayekonda kwa kasi, asikae kungoja hesabu ya wiki. Apelekwe hospitali upesi, akiwa bado anakula kama kawaida, maana minyoo, amiba na kifua kikuu cha utumbo huleta dalili zinazofanana na hizi. Na aliyekwishaacha ngano, akawa hawezi kuirudia bila kuumwa, amuulize daktari kuhusu kipimo cha vinasaba, ambacho hakitegemei chakula: asipokutwa na vinasaba husika, siliaki karibu inaondolewa kabisa; akikutwa navyo, bado haijathibitika, kwa sababu watu wengi wazima wa afya wanavyo pia.