Moto wa Jukwaani Usiounguza

Mwanafunzi wa kikundi cha maigizo akiambiwa atengeneze moto wa jukwaani, huanza na ndimi. Hukata karatasi nyekundu na za manjano, huzibandika kwenye vijiti vilivyosimamishwa mfano wa hema, kisha huficha balbu nyekundu chini yake. Hadhira huona karatasi, na balbu. Fedha zimetumika, jasho limetoka, lakini imechaguliwa sehemu ya moto ambayo haiigiki kirahisi, na zimeachwa zile zinazoigika kwa bei ndogo: makaa, majivu, na mwanga unaoziangukia nyuso za walioketi kuuzunguka.

Tuchukue onyesho moja. Wapiganaji wa Mau Mau wako usiku katika msitu wa Nyandarua, milima inayopanda hadi mita 4,001, na baridi ya huko haina mzaha. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo waliuleta msitu huo jukwaani mwaka 1976 katika The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia iliyofasiriwa kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi, na hadi leo shule nyingi huwa na igizo lake la msituni. Watu wanne wanaota moto. Tuwapatie moto wenyewe.

Kwanza kuni. Anayelala porini hapangi hema la vijiti, maana huwaka kwa fujo na kwisha upesi. Hulaza magogo matatu au manne, vichwa vikutane katikati na mikia ielekee nje, kisha huyasukuma kidogo kidogo kadiri yanavyoliwa. Kwa hiyo gogo huwa jeusi kichwani tu. Mkiani bado lina ganda na pengine kuvu. Tumia kuni za kweli, za unene wa mkono na urefu wa sentimita 40. Zichome vichwa nje ya jengo siku moja kabla, hadi weusi upasuke vipande vipande vya pembe nne, uzimwagie maji na kuzianika. Ukizipaka gundi nyeupe iliyozimuliwa, masizi hayatachafua maleba. Zitabaki na harufu ya moshi itakayofika safu za mbele bila kumgharimu mtu shilingi.

Kila kitu kigandishwe juu ya ubao mmoja wa plaiwudi, wa sentimita 70 kila upande, uliopakwa rangi ya udongo. Tamasha la maigizo la shule hupanda ngazi kwa ngazi hadi taifa, na moto huo utasafiri kwenye buti la basi, kisha utaingizwa jukwaani na watu wawili gizani. Moto unaopangwa kijiti kwa kijiti utakuwa umeharibika kabla ya ngazi ya kaunti. Ukitaka mawe, usibebe mawe: kunja karatasi ya mfuko wa saruji, jaza magazeti ndani, paka mchanganyiko wa gundi na majivu.

Sasa makaa, ambako kazi nzuri hujulikana. Kaa linalowaka haliwi jekundu kote. Juu limevaa majivu ya kijivu. Mng'ao uko kwenye nyufa na upande wa chini, pale linapotazamana na kaa jirani na joto halina pa kutorokea. Kitu kigumu huanza kutoa wekundu unaoonekana gizani kikikaribia nyuzi 525 za Selsiasi, na joto likizidi rangi huhamia kwenye machungwa. Ndiyo maana katikati ya moto panapaswa kuwa pa machungwa, na kingoni wekundu wa kiza. Wengi hupaka wekundu mmoja kila mahali, na matokeo yake ni taa ya baa.

Tandaza karatasi ya alumini iliyokunjwakunjwa, uso unaong'aa juu, ili irudishe mwanga. Juu yake weka taa. Juu ya taa weka plastiki angavu, hata mfuko wa mkate, uliofinyangwa na kupakwa rangi za maji zilizochanganywa na gundi: machungwa katikati, nyekundu pembeni. Kisha gandisha vipande vya mkaa halisi vya ukubwa mbalimbali, ukiacha nyufa nyembamba. Mwisho chuja majivu ya jikoni kwa chujio la chai na kuyanyunyiza gundi ikiwa bado mbichi. Zima taa ya chumba, rudi nyuma hatua kumi, utazame. Panapong'aa mno, ongeza mkaa. Karibu kila mara patang'aa mno.

Ndimi za kweli huchezacheza kwa sababu hewa moto inapanda na hewa baridi inavutwa pembeni kujaza nafasi yake, hivyo moto hupumua. Wataalamu wa moto hukadiria kasi ya pumzi hizo kwa kugawa 1.5 kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha moto kwa mita. Moto wa upana wa nusu mita, basi, hupumua takriban mara mbili kwa sekunde. Taa zinazowaka na kuzimika kwa mpigo mmoja ni za Krismasi. Mwanga wa moto hauzimiki. Hupungua, tuseme kufikia nusu, ukapanda, ukasita, ukapanda tena.

Lipo jambo la pili ambalo hata mafundi wa taa husahau. Balbu moja ikipandishwa na kushushwa, nyuso zitang'aa na kufifia, lakini vivuli vitabaki palepale. Katika moto halisi chanzo cha mwanga chenyewe kinahama, na vivuli vinahama nacho. Kwa hiyo unahitaji vyanzo vitatu, vilivyoachana sentimita 15 hadi 20, kila kimoja kikibadilika kivyake. Hapo kivuli cha pua kitatembea shavuni na miti ya nyuma itaanza kucheza. Jambo hili peke yake lina thamani kuliko ndimi mia za karatasi.

Mishumaa ya betri ya dukani ina kifaa kidogo ndani kinachoyumbisha mwanga, na kila mmoja huyumba kivyake. Sita au saba inatosha kwa makaa. Kwa nyuso ni hafifu mno. Huko weka taa tatu za LED zinazotumia umeme wa USB kutoka kwenye pawabenki, za mwanga wa njano, zilizofungwa karatasi angavu ya machungwa, kila moja na swichi yake ya kufifisha. Gogo la mbele liwe nene kidogo ili hadhira isione taa yenyewe. Mwigizaji mmoja aketi akiupa ukumbi mgongo, swichi zikiwa ndani ya blanketi lake. Shule yenye klabu ya kompyuta inaweza kuiachia kazi hiyo Arduino, kibao kidogo cha elektroniki kinachopewa maagizo kwa kompyuta. Angalia pawabenki: nyingi hujizima zenyewe umeme unaovutwa ukiwa mdogo sana, kwa hiyo ijaribu kwa muda wote wa igizo.

Mafundi wa zamani walikuwa wakiunga stata ya tyubu kwenye waya wa balbu ya kawaida, nayo ikayumbayumba vizuri ajabu. Ni umeme wa volti 240 katikati ya karatasi na miguu ya watoto. Achana nao. Balbu ya aina hiyo hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto, na vitambaa vya jukwaani havisamehi. Ukumbi wa Iroquois mjini Chicago uliwaka tarehe 30 Desemba 1903 baada ya taa ya jukwaani kushika kitambaa, na watu zaidi ya 600 wakafa. Mshumaa halisi uliofichwa kati ya kuni nao haukubaliki, hata akiwepo mtu mwenye ndoo ya maji.

Wanaong'ang'ania ndimi wajaribu kitambaa chepesi cha shifoni kilichokatwa ncha ncha na kupeperushwa na feni ndogo ya kompyuta. Kwa aliye safu ya kumi kinapendeza. Kwa aliye safu ya pili ni pambo la duka, tena linalovuma. Na kama mlitaka moshi, ubani na udi viacheni nyumbani.

Kuna tatizo ambalo taa haiwezi kulitatua. Mashindano mengi hufanyika mchana, katika kumbi zenye madirisha mapana yasiyo na pazia, na saa nne asubuhi hakuna LED itakayoshindana na jua. Mwongozaji mwerevu hubadilisha igizo: moto uwe umelala, kumekaribia kupambazuka, majivu mengi na kaa moja moja linalochungulia. Hilo linaaminika hata kwenye mwanga.

Kinachobaki ni mwili wa mwigizaji. Aliye karibu na moto huungua miundi ya miguu na kugandishwa mgongo, kwa hiyo hujigeuza. Moshi ukimfuata huinamisha uso na kuhama. Sufuria huishika kwa kitambaa. Anapochochea, huvuta kiganja haraka. Anapopuliza, makaa hung'aa mara moja na ndimi hufuata baadaye. Mwenye swichi aijue zamu hiyo. Anayevuka juu ya moto kwa kusahau ameuzima, na majaji wataona.

Walimu, upelekeni moto mazoezini mapema, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, ili waigizaji wauzoee. Na pawabenki ichajiwe usiku uliotangulia, kwa sababu ukumbini soketi zote huwa zimeshikwa na watu wa muziki.