Fahamu: Aspirini katika mwili wa mume, wa mke na wa mzee

Kidonge cha aspirini, kikishamezwa, hakidumu katika damu kwa sura yake ya asili, bali hupungua kwa nusu kila kadiri ya dakika 15 hadi 20, kwani vimeng'enya vya utumbo, vya ini na vya damu yenyewe hukigeuza kuwa salisileti. Na kazi hiyo, kwa wastani, huwa nyepesi zaidi kwa wanaume kuliko kwa wanawake. Mzee, ambaye figo zake zimedhoofu, huchelewa kuitoa salisileti hiyo, na tumbo lake huvuja damu kwa urahisi.

Mwaka 1989 ilidhihirika Marekani kwamba madaktari wanaume waliomeza miligramu 325 kwa kupishanisha siku walipungukiwa na mshtuko wa moyo kwa asilimia 44. Lakini katika utafiti wa wanawake 39,876, ambao habari zake zilitangazwa mwaka 2005, waliomeza aspirini hawakuipata nafuu hiyo, isipokuwa waliotimiza miaka 65, bali walipungukiwa na kiharusi kwa asilimia 17. Kwa kuwa wao walipewa miligramu 100 tu, si insafu, kwa rai yangu, kuibebesha jinsia tofauti yote. Ama aliyekwisha kupatwa na maradhi ya moyo, huyo ana hukumu yake, wala asiiache dawa bila idhini ya tabibu.