Ini Haliwi Chafu

Tumbo la mvuvi wa Ukerewe au Kome likivimba, majirani hawakosi sababu: pombe, kurogwa, au ini chafu. Hili la tatu lina dawa tele: unga wa mlonge, manjano, majani ya mwarobaini, na ile chupa isiyo na jina inayosafisha ini na kuongeza nguvu za kiume kwa bei moja.

Mwambao wa Ziwa Victoria, cha kushuku mapema ni kichocho cha tumbo. Minyoo yake huishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo, dume na jike wameshikana kwa miaka, uaminifu ambao wengi wetu tumeushindwa. Jike hutaga mayai kama 300 kwa siku. Mengine hutoka na choo. Mengine hubebwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama, na mwili ukayazungushia kovu. Makovu yakikithiri damu hukosa njia: bandama huvimba, maji hujaa tumboni, na mishipa ya umio ikipasuka mgonjwa hutapika damu.

Ini la namna hii lina makovu, na kovu halioshwi. Kulilinda ni kuyakomesha mayai. Mitishamba nayo ipimwe hivyo. Nchini Misri manjano yamepunguza makovu ya ini kwa panya wa maabara. Si haba, ingawa panya hao hawarudi majini alfajiri kutafuta dagaa. Huko huko manemane ilitengenezwa vidonge, ikauzwa kwa jina la Mirazid kama dawa ya kichocho. Watafiti walipohesabu mayai kwenye choo cha wagonjwa, ikaachwa mbali sana na praziquantel, dawa ya hospitali ya kichocho.

Praziquantel nayo ina mipaka. Huua minyoo iliyokomaa, lakini michanga husalimika, na anayerudi kwenye maji yenye konokono wanaoeneza kichocho huambukizwa upya. Ndiyo maana watoto wa shule hupangwa tena na tena mbele ya fimbo ya kupimia urefu, wapewe vidonge kwa kimo chao.

Anayependa mlonge ale mboga yake. Ila baadhi ya mitishamba huliumiza ini lenyewe, kwa hiyo daktari aambiwe kinachonywewa. Na muuzaji wa chupa aulizwe swali moja: baada ya dozi yake, mayai kwenye choo yalipungua? Akijibu kwa ushuhuda wa shemeji yake, hela hiyo ilipie kipimo cha choo.