Mkaldayo: jina la taifa lililogeuka jina la kazi

Neno Mkaldayo (wingi: Wakaldayo) limeingia katika Kiswahili hasa kwa njia ya tafsiri za Biblia, na msomaji makini hulikuta lina maana mbili. Katika Kitabu cha Yeremia, Wakaldayo ni watu wenye jeshi, wanaouzingira mji wa Yerusalemu. Katika Kitabu cha Danieli, jina hilohilo hutajwa sambamba na waganga na wachawi, kwa wataalamu wanaoitwa na mfalme wamfasirie ndoto. Tofauti hiyo haikutokana na wafasiri. Imetokana na historia ya neno lenyewe, na historia hiyo ndiyo inayoonyesha ni kwa kiasi gani yafaa kusema kwamba Wakaldayo ndio waliobuni unajimu.

Kwa maana ya kwanza, Wakaldayo walikuwa makabila yaliyokaa kusini mwa nchi ya Babeli, penye mabwawa yanayoelekea Ghuba ya Uajemi, ambako leo ni kusini mwa Iraki. Kumbukumbu za Waashuru zinawataja tangu karne ya 9 KK. Mwaka 626 KK Nabopolassar alitwaa kiti cha enzi cha Babeli, akafuatwa na mwanawe Nebukadneza. Milki hiyo, ambayo kwa desturi huitwa ya Wakaldayo, iliangushwa na Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 539 KK.

Elimu ya kusoma ishara za mbinguni ilikuwa kongwe kuliko milki hiyo. Kumbukumbu za kuonekana na kutoweka kwa sayari ya Zuhura zilianza kuwekwa zama za mfalme Ammisaduqa, takriban miaka 1000 kabla ya Nebukadneza. Baadaye ishara za aina hiyo zilikusanywa katika mfululizo wa vibao vya udongo vipatavyo 70, uitwao Enuma Anu Enlil. Humo ishara zilihusu mfalme na nchi: vita, mavuno, njaa na mafuriko. Kupatwa kwa mwezi kungeweza kufasiriwa kuwa onyo la kifo cha mfalme. Ndipo mtu mwingine akaketishwa kwenye kiti chake kwa muda ili balaa limwangukie yeye, kisha akauawa. Mfalme Esarhaddon wa Ashuru, katika karne ya 7 KK, alifanyiwa hivyo zaidi ya mara moja. Wataalamu wa elimu hii hawakujiita Wakaldayo. Cheo chao kilikuwa mwandishi wa Enuma Anu Enlil.

Hatua kubwa zaidi zilipigwa Babeli ilipokuwa chini ya Waajemi. Katika karne ya 5 KK njia ya jua iligawanywa katika sehemu 12 zilizo sawa, kila moja nyuzi 30, na hizo ndizo buruji. Vibao vya kale kabisa vinavyojulikana ambavyo huorodhesha mahali pa sayari siku mtoto alipozaliwa ni vya mwaka 410 KK. Hapo ndipo nyota zilipoanza kusomwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja, na wakati huo ufalme wa Wakaldayo ulikuwa umekwisha kuanguka kwa zaidi ya karne moja.

Jina lilibadilika maana mikononi mwa wageni. Herodotus, katika karne hiyohiyo ya 5 KK, aliwaita Wakaldayo makuhani wa mungu Beli. Karibu mwaka 280 KK, Berossus, kuhani wa Babeli, aliandika historia ya nchi yake kwa Kiyunani. Huko Roma jina hilo lilikuwa limekwisha kuwa jina la kazi: mwaka 139 KK Wakaldayo walifukuzwa mjini, na waliokusudiwa ni watabiri wa nyota, wawe wametoka Babeli au kwingineko. Cicero aliona haja ya kuwakumbusha wasomaji wake kwamba jina hilo asili yake ni taifa wala si fani.

Unajimu uliosambaa baadaye haukuwa wa Babeli peke yake. Wayunani wa Misri waliongeza mengi, na katika karne ya 2 BK Ptolemy wa Alexandria aliupangia kanuni. Maandiko ya Kiyunani yalitafsiriwa kwa Kiarabu, na kutoka Kiarabu Kiswahili kikapokea maneno mnajimu, falaki na buruji, pamoja na majina ya sayari kama vile Zuhura, Mushtarii na Zohali. Athari ya Babeli bado yaonekana. Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mizani na Nge wote walikuwamo katika anga ya Wababeli. Hata Mashuke, jina ambalo huenda likamshangaza anayeijua buruji hiyo kwa sura ya mwanamwali, lina asili hiyo: Wababeli waliichora kwa sura ya mungu wa kike aliyeshika shuke la nafaka, na Waarabu waliiita Sunbula, yaani shuke.

Katika matumizi, basi, yafaa kutenganisha. Anayezungumzia jeshi, wafalme au nchi na aandike Wakaldayo. Anayezungumzia asili ya elimu ya nyota atakuwa sahihi zaidi akiandika Wababeli, au wanajimu wa Babeli. Palipo na Wakaldayo kwa maana ya watabiri, kama katika Danieli au katika habari za Roma, neno libaki lilivyo, na maelezo mafupi yaongezwe, msomaji asije akadhani kwamba kabila zima lilikuwa la watazama nyota.