Kulipa gari kuukuu uwezo wa kusema linapougua

Katika mtaa wa Kibenga, kusini mwa jiji la Bujumbura, si ajabu kuona nyuma ya lango la nyumba ya kawaida Toyota Land Cruiser iliyokwisha kula chumvi nyingi. Rangi imepauka, viti vimeshonwa mara mbili tatu, lakini injini bado huitika asubuhi. Kwa familia nyingi gari la namna hiyo si la fahari. Ndilo linalopeleka watoto shule, linaloleta mawese kutoka Rumonge, linalopandisha jamaa milimani wakati wa msiba. Na likifa njiani, hufa pamoja nalo riziki ya watu kadhaa.

Siku hizi wenye magari hayo wanauziwa kitu kipya. Ni kidude kidogo, hakizidi sana kibiriti kwa ukubwa, ambacho huchomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu ya mkononi. Muuzaji huahidi kwamba kitaeleza kila ugonjwa wa injini. Maneno hayo ni kweli kwa gari fulani, na kwa gari jingine hayana hata chembe ya ukweli. Hapana budi mwenye gari ajue lake liko upande gani kabla hajafungua mkoba.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kidude hicho hakipimi injini. Kazi yake ni kusoma yale ambayo kompyuta ya gari imekwisha kuyaandika. Sheria za kulazimisha magari yajipime zilianzia katika jimbo la California huko Marekani, kwa magari ya mwaka 1988, na shabaha haikuwa kumsaidia fundi bali kupunguza moshi mchafu mijini. Kufikia mwaka 1996 magari madogo yote mapya yaliyouzwa Marekani yalitakiwa yawe na mfumo mmoja, unaojulikana kwa herufi OBD, wenye tundu la kuchomekea lenye pini 16 na namba za makosa zinazofanana bila kujali kiwanda. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, na dizeli baadaye kidogo. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya masoko mengine, Afrika ikiwamo, hayakubanwa na sheria hizo, na ndiyo sababu gari la mwaka 2000 lililouzwa Afrika laweza kukosa kile ambacho ndugu yake aliyeuzwa Marekani anacho.

Sasa tuitazame Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini iitwayo 1HZ, ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa sauti hata kabla ya kuiona. Injini hiyo ya dizeli ilianza kutumika mwaka 1990. Ina silinda sita, ukubwa wa lita 4.2, wala haina turbo. Mafuta yake hugawiwa na pampu ya chuma inayoendeshwa na mkanda, ikipimwa kwa springi na vizito vinavyozunguka. Hakuna kompyuta inayoamua lolote. Kuitafutia tundu la kuchomekea kidude ni sawa na kumpigia simu mtu asiye na simu. Hali ni hiyo hiyo kwa Land Cruiser za zamani zaidi na kwa Land Rover za kale.

Kati ya hizo na magari ya leo liko kundi la tatu, nalo ndilo linalowachanganya watu. Prado nyingi za miaka ya 1990 zenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, pamoja na Land Cruiser za petroli zenye injini ya 1FZ-FE, zina kompyuta, na kompyuta hiyo hujua kulalamika. Ila hulalamika kwa lugha yake yenyewe. Katika magari hayo mara nyingi huwa na kiboksi chenye kifuniko ndani ya boneti, kilichoandikwa majina ya matundu yake. Fundi huunganisha kwa kipande cha waya tundu la TE1 na la E1, huwasha swichi bila kupiga stata, kisha huhesabu jinsi taa ya injini inavyokonyeza. Ikikonyeza mara mbili, ikapumua, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni namba 22, na maana yake ni kwamba njia ya kupima joto la maji ina hitilafu. Kazi hiyo haihitaji simu wala kifaa cha kununua. Inahitaji macho tu, kwani waya ukiingizwa katika tundu lisilo lake unaweza kuunguza kompyuta ambayo kuipata nyingine ni shida kubwa.

Na hata pale namba inapopatikana, isichukuliwe kuwa hukumu. Namba 22 haisemi kwamba kipima joto kimekufa. Inasema tu kwamba habari iliyofika ina kasoro, na kasoro hiyo inaweza kuwa waya uliotafunwa na panya. Fundi anayesoma namba na papo hapo kukuagiza ununue kifaa kipya amefanya nusu ya kazi kwa malipo kamili.

Turudi kwa yule mwenye 1HZ, kwani yeye ndiye aliyeahidiwa mengi na kupewa machache. Je, hana la kufanya? Analo, na kwa maoni yangu aanze na vile ambavyo kiwanda kilimpa na ambavyo miaka imeviua. Gari hilo mara nyingi lilitoka kiwandani na taa ya kuonya kwamba maji yamejikusanya chini ya chujio la mafuta. Ni Land Cruiser ngapi ambazo waya wa taa hiyo umekatwa kwa sababu iliwaka ikamsumbua dereva! Katika miaka ya 2022 hadi 2025 Burundi ilikumbwa na uhaba mkali wa mafuta, na watu wakanunua dizeli kwa madebe na chupa bila kujua ilikopita. Mafuta ya namna hiyo ndiyo hubeba maji, na maji yakiingia katika pampu hukwaruza vyuma vilivyosuguliwa kwa ustadi mkubwa. Kuunga waya mmoja uliokatwa ni gharama ndogo mno ukilinganisha na pampu.

Taa nyingine isiyopewa heshima yake ni ile ya mkanda wa majira, yaani mkanda unaoendesha valvu pamoja na pampu. Katika magari mengi ya 1HZ taa hiyo huwaka kila baada ya kilometa 100,000, kwa kufuata hesabu ya kilometa iliyomo kwenye dashibodi. Basi, kebo ya kuhesabu kilometa ikikatika, au mtu akirudisha hesabu nyuma ili auze gari kwa bei nzuri, taa hiyo haina tena la kusema. Mkanda ukikatika injini ikiwa kazini, valvu na pistoni zinaweza kugongana. Anayenunua gari kuukuu asijali sana taa imezima au imewaka. Aulize mkanda ulibadilishwa lini, na asipopata jibu la kuaminika aubadilishe.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie vipimo vya kuongeza, na kikubwa kuliko vyote ni joto. Anayeendesha kati ya Kibenga na Rumonge, kando ya ziwa, anaweza kukaa mwaka mzima bila kujua kwamba rejeta yake imeziba nusu. Barabara ni tambarare na upepo unapuliza. Mambo hubadilika pale anaposhika njia ya kwenda Bugarama. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000, na safari yote ya kupanda ni ya kilometa zipatazo 35 tu. Katika kimo cha mita 2,000 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 za Selsiasi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke katika injini ni kifuniko cha rejeta, ambacho hubana mvuke na kupandisha kiwango cha kuchemka. Kifuniko kikichoka springi, au mpira wake ukipasuka, maji huanza kutokota wakati injini ina joto ambalo kule ziwani lisingekuwa na madhara. Kabla ya kununua chombo chochote chenye umeme, nunua kifuniko.

Geji ya kiwandani nayo isitegemewe kupita kiasi. Katika Toyota nyingi mshale umefanywa utulie katikati kwa eneo pana la joto ili dereva asihangaike, na unapoanza kupanda, mara nyingi muda wa kuokoa injini umebaki mdogo. Zaidi ya hayo, kihisi chake, yaani kile kijidude kinachohisi joto na kupeleka habari kwenye dashibodi, hutakiwa kiwe ndani ya maji. Mpira ukipasuka na maji yakamwagika yote, kihisi hubaki katika hewa na mvuke, na mshale unaweza hata kushuka. Dereva hufurahi kwamba injini imepoa, kumbe hedi ndiyo kwanza inapinda.

Dawa yake ni kihisi cha joto la chuma chenyewe. Hiki hufungwa kwa boliti kwenye hedi ya silinda, hakijali kama maji yapo au yamekwisha, na waya wake huishia kwenye kisanduku kidogo chenye namba na king'ora. Mwenye gari huangalia kwanza joto la kawaida kwa siku kadhaa, kisha huweka king'ora kilie joto likizidi hapo kwa nyuzi kumi hivi au kumi na tano. Ningelazimika kuchagua kipimo kimoja tu cha kuongeza katika gari kuukuu, ningechagua hiki.

Kipimo cha pili ni cha joto la moshi, na umuhimu wake huongezeka pale ambapo mtu ameifungia 1HZ turbo ambayo haikuzaliwa nayo. Injini ya dizeli, kinyume na ya petroli, huzidi kupata joto kadiri inavyozidi kupewa mafuta. Kule Bugarama hewa ina mkandamizo pungufu wa karibu sehemu moja ya saba kuliko ziwani, ilhali pampu isiyo na kirekebisho cha kimo huendelea kumimina mafuta yale yale. Mafuta yasiyopata hewa ya kuyaunguza vyema hutoka yakiwa moshi mweusi. Kwa mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri kutafuta lita chache, moshi ule ni fedha inayopeperuka. Kipimo chake ni nyaya mbili za madini tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikipashwa moto hutoa umeme mdogo sana, jambo lililogunduliwa na Seebeck tangu mwaka 1821. Ncha hiyo huwekwa mwanzoni kabisa mwa bomba la moshi. Wazoefu hawapendi kuona nyuzi 700 zikipitwa kwa muda mrefu. Ikumbukwe kwamba pistoni ni za alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni hunusurika kwa kuwa oili huipoza kwa chini. Fundi anayetoboa tundu la kipimo hicho katika gari lenye turbo sharti alifungue bomba kwanza, maana vumbi la chuma likiingia kwenye mapanga ya turbo litayaharibu.

Vijana wenye ujuzi wa umeme wanaweza kukusanya vipimo hivi vyote katika kompyuta ndogo ya bei nafuu, ikatuma namba kwa simu, na hivyo gari la mwaka 1990 likapata kile ambacho kiwanda hakikulipa. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini baadhi ya Land Cruiser za dizeli, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Japani, hutumia umeme wa volti 24, na kifaa cha volti 12 kikifungwa humo hufa siku ile ile. Betri mbili ndani ya boneti si uthibitisho, kwani huweza kufungwa pamoja na bado zikatoa volti 12. Pima. Fyuzi nayo iwekwe karibu na betri, isiwekwe mwisho wa waya, la sivyo waya ukikwaruzika katikati utawaka bila fyuzi kuwa na habari.

Kwa watu wa Kibenga kuna jambo jingine ambalo vitabu vya mafundi havilitaji. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilifura na maji yakaingia katika mitaa ya pwani yake. Kisanduku kilichofichwa chini ya zulia la sakafu kitakuwa cha kwanza kuzama. Kifungwe juu, nyuma ya dashibodi, na viungo vya nyaya vitazame chini ili maji yasituame ndani yake. Gari lililopita katika maji ya matope likaguliwe rejeta kabla ya kupanda mlima, kwa maana tope likikauka kwenye mapezi ya rejeta huzuia upepo kama ukuta.

Kule Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa makanika, wapo mafundi wanaotambua nozeli mbovu kwa kusikiliza tu. Elimu hiyo haikushindwa na kidude cha simu, na haitashindwa kwa 1HZ. Namba zinamfaa fundi wa aina hiyo pale atakapoletewa habari ambazo sikio lake halikuwapo kuzisikia: gari lilikuwa na nyuzi ngapi penye kona ya mwisho kabla ya Bugarama, likiwa gia ya ngapi, na limebeba nini.

Kwa hiyo, siku vipimo vinapofungwa, dereva awe na daftari la shule na kalamu garini. Aandike joto la hedi, joto la moshi na mkandamizo wa oili gari linapoondoka Kibenga, katikati ya mlima, na linapofika juu. Aandike pia mzigo na hali ya hewa. Safari ya mwezi ujao, njia ile ile na mzigo ule ule, aandike tena. Namba za kurasa mbili zikitofautiana kwa nyuzi nane au kumi, gari lipelekwe kwa fundi pamoja na daftari lake.