Moyo Nao Wataka Kazi

Liko jambo katika nyumba nyingi za wafanyakazi ambalo halina budi kusemwa waziwazi. Mwenzetu apatapo mshtuko wa moyo, akatibiwa na kuruhusiwa kurudi kwake, jamaa humpokea kwa furaha iliyochanganyika na hofu. Kitanda hutandikwa, ndoo ya maji hakatazwi tu kuibeba bali hata kuigusa, na akitaka kutoka mlangoni kutazama njia huambiwa: "Baba, pumzika, sisi tupo." Maneno hayo hutoka katika mapenzi ya kweli. Lakini twasema bila ya kusitasita kwamba mapenzi ya namna hiyo yakipita kiasi humdhuru mgonjwa badala ya kumsaidia.

Hatuwalaumu jamaa, maana zamani madaktari wenyewe waliamini hivyo. Mpaka katikati ya karne iliyopita, mgonjwa wa mshtuko wa moyo aliamriwa kulala kitandani kwa wiki nyingi. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, Samuel Levine na Bernard Lown, walieleza jinsi walivyowakalisha wagonjwa wao vitini mapema badala ya kuwalaza tu, wala hawakuona madhara yaliyokuwa yakiogopwa. Kisha mwaka 1966, katika mji wa Dallas, vijana watano wenye afya njema walilazwa kitandani wiki tatu. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kufanya kazi ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Watu wale wale walipimwa tena baada ya miaka 30, ikaonekana kwamba wiki tatu za kulala ziliwapunguzia nguvu kuliko miaka yote ile ya kuzeeka. Je, kama kitanda chaweza kumfanyia hivyo kijana mzima, kitamfanyia nini mzee mwenye moyo uliokwisha kujeruhiwa?

Ushahidi mwingine watoka kwa wafanyakazi wenyewe. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya mabasi ya ghorofa ya mjini London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika gari moja. Lakini dereva alishinda ameketi, na kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi kukata tikiti. Ilionekana kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa, hawakufa upesi kama madereva. Kadhalika wapeleka barua waliotembea kwa miguu walikuwa na hali bora kuliko makarani waliokaa mezani. Morris mwenyewe alipenda mazoezi, akafariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Siri yake si kubwa. Moyo ni msuli, na msuli usiotumiwa hunyong'onyea. Mwili ukizoezwa pole pole, misuli ya miguu na mikono hujifunza kutumia vyema hewa safi iliyomo katika damu, hata moyo hauhitaji kupiga mbio kwa kila kazi ndogo. Mishipa hulegea na kupanuka vizuri zaidi, shinikizo la damu hushuka, na sukari hutumiwa badala ya kujikusanya katika damu.

Huenda msomaji akauliza: mazoezi hayo si ya hospitali kubwa, penye mitambo na wataalamu? La. Uchunguzi mwingi uliolinganisha wagonjwa waliozoezwa hospitali na wale waliozoezwa nyumbani, wenye hali isiyo ya hatari kubwa, umeonyesha kwamba faida zao zinakaribiana. Hii ni habari njema kwa mtu ambaye nauli ya kwenda na kurudi ni mzigo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humpima, humfundisha na humpangia kiasi chake. Kisha ua wa nyumba huwa ndio uwanja.

Na mazoezi yenyewe ni ya kawaida. Kwanza kutembea taratibu kwa dakika tano ili mwili upate moto. Kisha kuinuka kitini na kuketi tena mara kadhaa, kusimama kwa vidole vya miguu huku umeshika ukuta, kupanda na kushuka kizingiti, na kutembea kwa mwendo wa kukaza kidogo. Mwisho kupunguza mwendo pole pole, si kusimama ghafula. Kipimo ni ulimi: uwezapo kuzungumza lakini huwezi kuimba, kiasi hicho chatosha, ukishindwa hata kuzungumza, umezidisha. Anayeanza na dakika tano leo aongeze kidogo kidogo, hata afikie, kwa ruhusa ya daktari, dakika 150 kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini tusije tukaeleweka vibaya. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, wala mtu asijianzie mwenyewe bila ya kupimwa. Aliyepasuliwa kifua asinyanyue vitu vizito mpaka daktari aseme mfupa umeungana. Asifanye mazoezi katika jua kali, wala mara baada ya kula, wala akiwa na homa. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, au pumzi ikikatika kuliko kawaida, aache mara moja. Na maumivu ya kifua yasipopoa kwa kupumzika, apelekwe hospitali bila ya kungoja asubuhi. Miguu ikivimba, au uzito ukiongezeka ghafula, amwone daktari.

Basi ndugu, kazi ya jamaa haikwisha, imebadilika. Badala ya kumwambia mgonjwa "lala", tumwambie "twende", tutembee naye jioni mpaka dukani na kurudi, tukifuata mwendo wake. Mwenzetu aliyerudi kutoka hospitali hakurudi kuwa pambo la kitanda. Amerudi ili aishi, aweze kujitegea maji yake na kwenda mwenyewe kumsalimu jirani, na siku ikiwadia, kwa idhini ya daktari wake, arudi kazini. Tumpe mkono ainuke.