Utangulizi: Kuutambua Moshi Ulikotoka

Jioni pale Bulyaga, mjini Tukuyu, kuni huwaka kwenye mafiga, mkaa hukolea kwenye majiko, bodaboda hupanda mlima, na baada ya mavuno mabua huchomwa mashambani. Moshi wote huo huchanganyika hewani. Tutajuaje kila chanzo kimechangia kiasi gani? Swali hilo ndilo kiini cha taaluma ya kutambua vyanzo vya moshi.

Tuanze na msingi. Chembe ndogo za yabisi au kimiminika zinazoelea hewani, kama zile za moshi, huitwa erosoli. Zile zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5 hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Sehemu ya erosoli iliyoundwa na kampaundi za kaboni, kutoka kwenye mimea, mafuta au vyakula, ndiyo erosoli ya kikaboni.

Kampaundi hizo ni nyingi mno, lakini usihofu. Tunatafuta chache tu, ziitwazo viashiria: zile ambazo chanzo kimoja huzitoa kwa wingi na vingine hutoa kidogo au havitoi kabisa. Mashuhuri ni levoglukosani, aina ya sukari. Huzaliwa pale selulosi, yaani kijenzi kikuu cha kuta za seli za mimea, inapoungua kwa joto la zaidi ya digrii 300 za Selsiasi. Kiashiria kingine ni hopani, mabaki ya bakteria wa kale yaliyomo kwenye mafuta ya petroli. Hutoka na moshi wa magari na pikipiki, hasa kutokana na oili ya injini.

Utauliza: je, mkaa si mti pia? Ni mti, ila selulosi yake ilikwisha kuvunjika kwenye tanuri, hivyo hutoa levoglukosani kidogo. Hopani nazo zimo hata kwenye makaa ya mawe, kama yale ya mgodi wa Kiwira. Ndiyo maana mtaalamu hategemei kiashiria kimoja; hulinganisha uwiano wa kadhaa.

Kazi huanza kwa pampu kuvuta hewa kupitia kichujio cheupe, ambacho hugeuka kijivu kadiri chembe zinavyonasa. Kichujio huoshwa kwa kiyeyushi, kisha mashine hutenganisha kampaundi na kupima kila moja.

Njia hii si ngeni nchini. Stelyus Mkoma wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walipima levoglukosani katika chembe zilizokusanywa Morogoro mwaka 2011, wakakadiria mchango wa uchomaji wa mimea.

Halmashauri ikijua moshi unatoka wapi, itajua ianze na meko, barabara au mashamba. Kama unaipenda kemia, nafasi yako ipo. Anza kwa kuifahamu vyema levoglukosani.